Vijana wakishajua kazi wanakwenda Oman: niache kufundisha?

Sheikh wangu, umesema karakana yako ya viyoyozi hapo Chake Chake imekimbiwa, vijana wote wako Maskati, na sasa unataka kuajiri mafundi waliokwisha iva tu. Utawapata wapi? Hao ndio hao hao wanaotakiwa Maskati, na hoteli za Nungwi nazo zinawawinda. Tena hiyo safari unayoilaani ndiyo inayokuletea vijana mlangoni: wanakuja kujifunza kwa sababu wanataka kwenda huko.

Mimi ningeendelea kufundisha, lakini kwa hesabu. Kuchomea bomba la shaba, kujaza gesi, kupaka povu la sabuni kwenye kiungo kutafuta panapovuja: ujuzi huo unauzika popote, basi mwanagenzi naye achangie. Posho iwe ndogo mwanzo, ipande kila akimaliza hatua. Hapo hata akiondoka, kazi aliyokufanyia imeshalipa mafunzo. Usimfiche kazi ukidhani atabaki. Ataondoka nusu fundi na kukuharibia jina. Andikeni mkataba, mzazi awepo, na waulize Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yaani mafunzo ya ufundi, ya Zanzibar utaratibu wa uanagenzi. Pasipoti yake usiizuie, hilo balaa jengine.

Chukua wawili, mmoja atangulie mwenzake. Wa mbele amfundishe wa nyuma kabla hajakata tiketi.