Mgeni wa siku ya tatu mpe wavu abebe

Jumamosi moja niliamka na homa kali, nikazima simu na kurudi kulala. Nilipoiwasha saa nne asubuhi nilikuta jumbe 23. Watu 14 walikuwa wamefika uwanjani tangu saa moja na nusu, vibao mkononi, na nyavu zetu zote mbili zilikuwa stoo. Stoo ilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ulikuwa chini ya mto wangu. Walinisubiri karibu saa nzima, wakatawanyika. Watatu kati yao walikuwa wamekuja kwa mara ya kwanza. Wawili sijawaona tena mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa nimeiendesha klabu yetu ya pikoliboli, mchezo wa kupiga mpira wa plastiki kwa vibao juu ya wavu, kwa miezi minane, nikiamini kwamba kubeba kila kitu mwenyewe ndiyo namna ya kuipenda. Nilifungua mimi, nilifunga nyavu mimi, nilipanga foleni, nilikusanya michango, na sikulala kabla ya kujibu ujumbe wa mwisho. Homa ile ilinionyesha nilichokuwa nimejenga: kundi la watu wanaosubiri mimi niamke. Ninayoandika hapa nimejifunza katika miaka minne iliyofuata, na ninamwandikia mtu ambaye hivi sasa anatembea na ufunguo mmoja mfukoni.

Kuanza ni rahisi, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani. Joel Pritchard na Bill Bell walitaka kuzipa familia zao kitu cha kufanya, wakakuta uwanja wa badminton usio na vifaa kamili, wakaokoteza vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu. Rafiki yao Barney McCallum akajiunga nao muda mfupi baadaye. Moyo huo wa kuokoteza bado umo ndani ya mchezo. Uwanja una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, sawasawa na ule wa badminton ya wawili wawili, na wavu una kimo cha sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Sisi tulipima sakafu ya saruji kwa futi kamba, tukachora mistari kwa chaki, na jioni hiyohiyo tukacheza. Jambo moja tu nalisisitiza: msibane nafasi ya kukimbilia nje ya mistari. Chini ya mita 9.1 kwa 18.3, uwanja pamoja na nafasi hiyo, mimi sikubali, hata pale watu wanaponiambia kwamba tungeweza kupenyeza uwanja wa pili.

Mchezo ukiwa mwepesi hivyo, mtu anadhani na klabu itajiendesha. Haijiendeshi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuitumia mpaka nilipougua. Sasa ndiyo kanuni yetu ya kwanza: anayefika mara ya tatu anapewa kazi. Kazi yenyewe iwe ndogo, iwe ya mtu mmoja, na iwe na mwisho unaojulikana. Kubeba nguzo za wavu kutoka stoo. Kusimama mlangoni dakika ishirini za mwanzo na kuwapokea wageni. Kutuma ratiba Ijumaa jioni. Kushika ufunguo mwezi huu tu.

Nilianza kwa mama mmoja mstaafu ambaye alikuwa akirudia kila wiki kwamba yeye hajui kitu, asitegemewe. Sikumwomba "asaidie klabu". Nilimwomba akague mipira kumi kabla hatujaanza. Nilimwonyesha: unauviringisha mpira taratibu kwenye kiganja, unaangalia kati ya tundu na tundu, maana ufa huanzia hapo, kisha unaudundisha mara moja sakafuni na kusikiliza. Mpira mzima unalia kwa sauti kavu. Wenye ufa unatoa sauti butu kama ya kikombe kilichopasuka. Wiki ya pili alikuja na mfuko wake wa kuwekea mibovu. Wiki ya sita alikuwa na daftari la mipira, nyavu na vibao vya kuazima, na alikuwa akijua kuliko mimi kipi kipo na kipi kimepotea. Yule mama hakuwa amekosa uwezo. Alikuwa hajapewa kitu kinachotosha mikono yake.

Kwa hiyo usitangaze kwenye kundi la WhatsApp kwamba "tunahitaji watu wa kujitolea". Nimefanya hivyo mara nyingi na majibu yalikuwa vidole gumba na ukimya. Mwite mtu kwa jina, ana kwa ana, umwambie kwa nini umemfikiria yeye, na umwambie kazi inaisha lini. Kisha, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, mwache aifanye kwa namna yake. Kijana mmoja alifunga wavu ukawa umelegea kidogo upande wa kulia. Nilisubiri ageuke, nikaukaza. Aliniona. Hakugusa wavu tena kwa miezi mitatu, na sikuweza kumlaumu. Siku hizi wavu ukilegea ninamwita aliyeufunga, tunaupima pamoja, anaukaza yeye.

Baada ya kugawana kazi, kinachokuza au kuua klabu ni benchi. Kila uwanja unachukua watu wanne. Ukiwa na viwanja viwili na watu 20, kumi na wawili wamekaa. Mwanzoni tulikuwa na desturi kwamba washindi wanabaki uwanjani, na wanne wetu wenye nguvu wakawa wanatamba saa nzima huku waliotoka mbali wakiwatazama. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Utaratibu wenyewe ndio uliowapa nafasi hiyo. Tukaubadilisha. Unapofika, unaweka kibao chako kwenye rafu ya mbao kwa mstari, vinne vinne. Mchezo unakwenda mpaka pointi 11, kwa tofauti ya pointi mbili. Ukiisha, kama wanaosubiri ni wanne au zaidi, wote wanne wanatoka na wanne wanaofuata wanaingia. Wakisubiri wawili tu, washindi wanabaki lakini wanatenganishwa, kila mmoja na mwenzake mpya. Hakuna anayeruhusiwa kusogeza kibao cha mwingine, hata mimi. Na mtu mmoja anasimamia foleni kwa nusu saa bila kucheza, kisha anampisha mwingine.

Kwetu mchezo mmoja unachukua kama robo saa, kwa hiyo pale watu wanapokuwa 20, anayefika mwisho anangoja karibu nusu saa. Nusu saa inavumilika. Wakizidi hapo tunacheza mpaka pointi saba, na ikiwa hali hiyo inarudi wiki baada ya wiki, ni wakati wa kugawa siku kuwa vipindi viwili. Wenye nguvu wanataka wenzao wenye nguvu, na hilo ni haki yao. Tumewapa Jumatano jioni. Lakini Jumamosi inabaki ya wote, na hapo sijalegeza hata mara moja.

Mgeni naye asimwagiwe sheria zote siku ya kwanza. Mimi namfundisha tatu. Mpira unaanzishwa kwa mkono kutoka chini, kimshazari. Baada ya kuanzishwa unadunda mara moja kila upande kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuupiga hewani. Na kuna jikoni, ile sehemu ya mita 2.1 kila upande wa wavu, ambayo unaweza kuingia wakati wowote lakini usipige mpira ambao haujadunda ukiwa umesimama humo. Yanatosha. Ile hesabu ya namba tatu, ya kutaja pointi zenu, za wapinzani, na kama ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili, namwachia wiki inayofuata. Nimeona watu wazima wakikaribia kulia kwa sababu ya "sifuri, sifuri, mbili" walipokuwa bado hawajafurahia hata mpigo mmoja.

Usalama ni jambo la kusema kila wiki, kwa sauti, hata kama wazoefu wamechoka kulisikia. Mzee mmoja wetu aliufuata mpira wa juu kwa kurudi kinyumenyume, akakwaa kisigino chake mwenyewe, akaangukia mkono. Kifundo kilivunjika. Tangu hapo tunafundisha kwamba mpira ukienda juu nyuma yako, wewe unageuka na kuukimbilia, au unauacha upite. Pointi moja hailingani na mfupa. Mpira wa jirani ukiingia uwanjani kwenu, yeyote aliyeuona anapaza sauti "Mpira!" na wote wanasimama papo hapo. Viatu viwe vya kuchezea uwanjani, vinavyoshika mguu pembeni. Vile vya kukimbilia barabarani vinapinduka. Na awepo mtu anayejua huduma ya kwanza, na mwingine anayejua nani anafungua lango gari la wagonjwa likifika. Siku ya yule mzee tulipoteza dakika kumi tukitafuta wa kufungua lango.

Kuhusu majirani nitasema kwa kifupi: kibao kigumu kikikutana na plastiki ngumu kinatoa mlio mkali unaosafiri, na wewe uliyemo uwanjani huusikii kama anavyousikia aliyelala ng'ambo ya ukuta. Nendeni mkabishe hodi kabla hajaja yeye. Sisi tulichelewesha kuanza kwa saa moja, na mmoja wa majirani hao sasa anacheza nasi.

Fedha, hata kama ni kidogo, zisikae kwa mtu mmoja wala zisichanganyike na za mfukoni mwake. Mwanachama mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, mipira mingapi tulinunua mwezi uliopita. Sikuwa nimechukua hata senti, lakini sikuwa na jibu, na nilihisi joto usoni. Leo mweka hazina ni mwingine, matumizi yanaidhinishwa na watu wawili, na kila mwisho wa mwezi hesabu inabandikwa pale pale kwenye rafu ya vibao. Asiyeweza kuchangia anamwambia mweka hazina peke yake, na anacheza kama wengine.

Nimebakiza jambo gumu zaidi. Tulikuwa na mchezaji hodari, mkarimu kwa mali zake, mwenye kufika wa kwanza. Mmoja wa nyavu zetu mbili ulikuwa wake. Tatizo lake ni kwamba aliwadhalilisha wanaojifunza. Alikuwa akitupa macho juu mwenzake akikosa, akisema "mwacheni huyo, mpira nileteeni mimi" mbele ya mtu mwenyewe. Niliona, na nikanyamaza kwa miezi mitatu, kwa sababu tulimhitaji, na kwa sababu nilimwogopa. Katika miezi hiyo mitatu watu wanne waliacha kuja, na mmoja aliniambia waziwazi sababu. Ndipo tukaenda wawili kuzungumza naye, faraghani, tukiwa na mifano na tarehe, tukamwambia kwamba tunamtaka abaki ila tabia hiyo ikome siku hiyohiyo. Alikasirika. Aliondoka, na wavu wake. Tulibaki na uwanja mmoja kwa wiki tano, foleni ikawa ndefu, na wapo walionilaumu. Katika wiki hizo tano mmoja wa wale wanne alirudi. Kama ningeweza kurudisha siku nyuma, ningezungumza naye wiki ile ya kwanza, wakati maneno mawili ya upole pengine yangetosha na sote tungekuwa bado pamoja.

Funguo za stoo sasa ni nne, kwa watu wanne wanaoishi pande tofauti. Na mara moja kwa mwezi sifiki uwanjani kwa makusudi, simu ikiwa imewashwa. Mara ya kwanza niliishika mkononi asubuhi nzima. Hakuna aliyepiga. Saa tatu iliingia picha: nyavu zimesimama, ule wa kushoto umelegea kidogo, na kwenye ukingo yule mama mstaafu, ambaye mwaka wake wa kutunza vifaa ulikuwa unakwisha, ameinama karibu na msichana aliyekuwa amefika kwa mara ya tatu. Msichana ana mpira kiganjani, ameusogeza karibu na macho, na mama anamwonyesha kwa kidole mahali ufa unapoanzia.