Usitibu ukuta wa chokaa kwa saruji

Nyumba ninayoishi Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ni ya bibi yangu mzaa mama, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Miaka michache iliyopita lipu ya ukumbini ilianza kumeguka, kiasi cha dhiraa moja kutoka sakafuni, nikamwita fundi, akaibandua na kuziba pengo kwa saruji. Ukuta ulipendeza. Masika ya pili yalipopita, lipu ya zamani iliyokuwa juu ya kiraka ilikuwa imevimba na kutoa unga mweupe wa chumvi, na kiraka chenyewe kilipogongwa kiliitika kama mtungi mtupu. Nilipokitoa, kiliondoka na uso wa jiwe.

Ukuta wa mawe hunyonya maji ya ardhini, kwa kuwa waliojenga zamani hawakuweka kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo vinavyoyaruhusu maji hayo kutoka kama mvuke, lakini saruji huyafungia ndani, nayo hupanda juu kutafuta pa kutokea. Chumvi yaliyoibeba huganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka idondoke. Kwa hiyo safari ya pili niliamua kuifanya kazi mwenyewe, nikielekezwa na mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa mwashi.

Jambo la kwanza aliloniuliza ni maji yanatoka wapi. Tulikuta mfereji wa kichochoroni umeziba, na kila mvua ilipokunya maji yalisimama yakigusa ukuta wetu. Tuliuzibua, kisha nikauacha ukuta wazi miezi ya kiangazi ukauke, huku nikifagia chumvi kwa brashi kavu kila ilipojitokeza. Usiioshe kwa maji, kwani utairudisha ndani.

Kabla ya kuziba, gonga pembeni mwa tundu kwa mpini wa nyundo na ubandue kila sehemu inayoitika uvungu, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Hapa ndipo wengi huona huruma na kusita, na hapa ndipo kiraka huharibika. Tumia patasi kwa mkono mwepesi, kwa sababu jiwe la matumbawe ni laini.

Chokaa ya mfuko niliiloweka kwenye ndoo kwa siku kadhaa mpaka ikawa kama ugali laini; siku moja ni kidogo mno, na kadiri inavyolala ndivyo inavyonata vizuri. Vaa glavu na miwani, maana chokaa huunguza ngozi na inaweza kudhuru jicho. Mchanga usiwe wa pwani, kwa kuwa utakuwa unaongeza chumvi ile ile unayoikimbia. Nilichanganya ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga uliochekechwa, kwa maji machache sana, kwani mchanganyiko mwepesi hupasuka ukikauka.

Nyunyizia ukuta maji mpaka uwe na unyevu bila kutiririka, kisha upige lipu kwa mwiko, unene usizidi milimita 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Ikianza kushika, ichane kwa msumari ili mkono unaofuata upate pa kushikia. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta kaboni dioksidi ya hewani, na kazi hiyo ni ya polepole na huhitaji unyevu. Kwa hiyo nilitundika gunia bichi mbele ya kiraka na kulirowesha asubuhi na jioni kwa wiki nzima kabla ya mkono wa pili.

Haya yanahusu viraka vya ndani. Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kabla ya kugusa ukuta wa nje au boriti ni lazima upite kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Rangi ya plastiki isikaribie kiraka hiki, kwani nayo hufungia maji kama saruji. Paka chokaa iliyochanganywa na maji mpaka ifanane na maziwa, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Ukiwa unapaka utaona kama maji matupu. Weupe hujitokeza kesho yake.