Polisi hupewa taarifa, uwanja huombewa kibali

SWALI: Shikamoo wakili. Sisi ni wazazi wa Tabata, Dar es Salaam, kama sabini hivi. Tunataka kuandamana kwa amani hadi viwanja vya Mnazi Mmoja, kudai vivuko vya watoto mbele ya shule. Tulipeleka barua polisi ya kuomba kibali. Wiki ya pili sasa jibu ni lile lile, "mtapigiwa simu". Wenye uwanja nao wanatuambia tuanze polisi. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba, mama. Tatizo limeanzia kwenye kichwa cha barua yenu. Mmeandika "Yah: Kuomba kibali", na anayeomba kibali hana budi kusubiri apewe. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinadai taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, angalau saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Ukishaitoa unaendelea na mipango yako, isipokuwa ukipokea amri ya kuzuia. Zamani kweli kilikuwa kibali, hadi mwaka 1994 Jaji Lugakingira alipoamua, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba sharti hilo linakiuka Katiba.

Kwa hiyo andikeni upya: "Yah: Taarifa ya maandamano ya amani". Nendeni na nakala mbili. Yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na chini yake mpokeaji aandike kwa kalamu saa aliyoipokea. Tarehe peke yake haitoshi, kwa sababu sheria inahesabu saa. Nimewahi kuona barua nzuri ikikosa nguvu kwa kukosa kitu kidogo kama "4:20 asubuhi". Njia ikipita wilaya mbili za kipolisi, pelekeni kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, wote wawili.

Uwanja ni habari nyingine. Huo una mwenyewe, na hapo ndipo neno kibali lina kazi. Mnazi Mmoja iko kwenye Halmashauri ya Jiji, ambayo tangu 2021 ndiyo iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Mngechagua Coco Beach mngeandikia Kinondoni. Barua hii iende kwa Mkurugenzi siku ile ile, mkiambatisha ile nakala yenye muhuri. Huko kuzungushana kwa "anzeni kule" hupungua karatasi ikionekana. Elezeni pia spika, vyoo na nani atazoa taka. Ada mkitozwa, daini risiti ya serikali.

OCD akizuia, ombeni amri hiyo kwa maandishi. Sababu anazoruhusiwa ni chache: uvunjifu wa amani, usalama wa umma, au matumizi yasiyo halali. Rufaa huenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Lakini msitoke barabarani amri ikiwa mkononi, hata mkiiona ya uonevu. Hilo ni kosa, na mtakamatwa mkiwa na watoto. Sitawadanganya pia: kwenye karatasi ni taarifa, ila mezani bado wapo wanaoishughulikia kama ombi, na msimu wa siasa ukipamba moto hata matembezi ya wazazi hutazamwa kwa jicho la pili.

Halafu, mama, Tabata hadi Mnazi Mmoja kwa miguu, kupitia barabara za Mandela na Uhuru, na jua hili? Kusanyikeni Karume, muanzie hapo.