Maswali ya Wasomaji: Noti za Benki za Taifa za Marekani

SWALI: Nina noti ya dola 10 ya Marekani, toleo la 1929, yenye muhuri wa kahawia na maneno "National Currency". Je, ni noti ya benki ya taifa? Na ina thamani?

JIBU: Maneno hayo na muhuri huo huwapotosha wengi. Soma jina la benki lililo kushoto kwa picha ya Hamilton. Likianza na "The Federal Reserve Bank of", yaani moja ya benki 12 za kanda za benki kuu ya Marekani, si noti ya benki ya taifa (iliyotolewa na benki ya biashara yenye kibali cha serikali kuu), bali ya dharura ya 1933, wakati watu walipokimbilia kutoa fedha zao benki. Zilitumika karatasi zilezile za noti za benki za taifa za toleo la 1929, ndiyo maana kwenye nyingi utaona neno "President" limefutwa kwa mstari mweusi na "Governor" limepigwa badala yake. Utaona pia herufi kubwa nyeusi, kati ya A na L.

Noti ya benki ya taifa haina herufi hiyo. Ina tarakimu nene nyeusi upande wa kushoto na wa kulia: namba ya usajili wa benki. Namba 1 ni ya First National Bank ya Philadelphia, mwaka 1863. Ya juu kabisa kati ya benki zilizotoa noti ni 14348. Namba ya usajili ikirudiwa kwa kahawia kando ya namba ya noti, ni Aina ya 2. Isiporudiwa ni Aina ya 1, na namba ya noti itaanza na herufi kati ya A na F, kwa kuwa kila karatasi ilikuwa na noti 6, kisha itaishia na A. Namba zikigongana na kanuni hiyo, shuku.

Chukua lenzi ya mara 10. Mistari ya picha imeinuka kidogo. Jina la benki ni bapa kwa sababu lilipigwa baadaye. Usiite noti bandia kwa hilo!

Bei huamuliwa zaidi na benki, si umri. Dola 10 ya benki kubwa ya Chicago inapatikana kwa urahisi. Ya benki ndogo ambayo noti zake zilizobaki zinahesabika kwa vidole itagombewa hata ikiwa imechoka. Tafuta jina, mji na namba ya usajili katika matokeo ya minada, uangalie bei zilizolipwa. Bei wanazotaja wauzaji ni matumaini tu.

SWALI: Noti yangu ya umbo kubwa imeandikwa 1902. Ilichapwa mwaka huo?

JIBU: Si lazima. Toleo la 1902 liliendelea kutolewa hadi 1929. Muhuri mwekundu ndio wa mwanzo. Wa bluu ulifuata 1908.

SWALI: Naweza kuiosha na kuipiga pasi?

JIBU: Hapana. Maji huondoa ugumu wa karatasi na kuyeyusha sahihi za kalamu za keshia na rais wa benki; pasi hulaza wino ulioinuka. Mpimaji hugundua, na noti huandikwa kuwa imefanyiwa kazi. Mchaniko usiubandike gundi wala selotepu. Iweke katika mfuko wa poliesta, usio na plastiki ya PVC.