Mbu, presha na riwaya: vyote ni utafiti?

Swali: Chumbani tunaishi wanafunzi watatu wa uzamili. Mmoja yuko maabara, anajaribu dawa za kuua mbu. Wa pili anapima presha za wajawazito kliniki. Mimi naandika riwaya, na pamoja nayo sura ndefu ya uhakiki. Fomu za chuo zinatuita sote watafiti. Je, neno "utafiti" linafaa kwa kazi zote tatu, au kuna mahali pa kusema uchunguzi, jaribio na ubunifu? Na wingi wake ni "utafiti" au "tafiti"?

Jibu: Linawafaa nyote, ila halifai kwa kila kipande cha kazi zenu. Utafiti ni jina la safari nzima: kuna swali ambalo halijajibiwa, kuna njia iliyopangwa ya kulijibu, na kuna jibu ambalo mtu mwingine anaweza kulikagua. Ndani ya safari hiyo kila fani ina maneno yake. Makosa mengi katika tasnifu hutokana na kulitumia jina la safari kuita kila hatua.

Mchukue huyo wa mbu. Katika kipimo cha kawaida cha usugu, mbu jike wapatao 25 huingizwa kwenye bomba lenye karatasi iliyopakwa dawa, wakakaa humo saa 1, kisha wakahamishiwa kwenye bomba safi, na waliokufa wakahesabiwa baada ya saa 24. Hurudiwa hivyo kwa mabomba 4, na mengine 2 yenye karatasi isiyo na dawa huwekwa kwa ajili ya ulinganisho. Hayo ni majaribio. Mtu akiandika "nilifanya utafiti wa saa 1 kwa mbu 25", amelipa jaribio jina la kazi nzima. Utafiti wake ni ule unaouliza kama mbu wa wilaya fulani wamekuwa sugu kwa dawa fulani, na majaribio ndiyo njia ya kupata jibu. Jambo analotarajia kuliona kabla ya kuanza aliite nadharia tete. "Nadharia" peke yake ni maelezo mapana yaliyokwisha kujengwa na kutetewa, na hayo hayajapatikana kwake bado.

Kwa huyo wa kliniki hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu wanaomsoma si wasimamizi wake tu. "Uchunguzi" hospitalini ni jambo analofanyiwa mgonjwa kwa manufaa yake: uchunguzi wa damu, uchunguzi wa macho, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Sasa tazama fomu ya ridhaa iliyoandikwa hivi: "Tunakualika kushiriki katika uchunguzi wa presha kwa wajawazito." Mama anayeisoma ana kila sababu ya kuelewa kwamba ni sehemu ya huduma ya kliniki, kwamba atapewa majibu na dawa ikibidi, na kwamba akikataa atakosa kitu. Anatia saini jambo asilolijua. Iandikwe: "Tunakualika kushiriki katika utafiti kuhusu presha wakati wa ujauzito. Utafiti huu si sehemu ya matibabu yako. Ukikataa, utahudumiwa kama kawaida." Na ndani ya tasnifu huyo mama aitwe mshiriki. "Mtafitiwa" limeundwa sawasawa, kama mhojiwa na mwajiriwa, lakini linamfanya kitu cha kutazamwa wakati yeye ndiye aliyekubali kushiriki. "Mgonjwa" ndiyo kabisa haliwezekani, maana wengi wa mama hao ni wazima.

Wala sisemi kwamba "uchunguzi" ni neno duni. Chombo kikuu cha utafiti wa lugha yetu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitwa kwa miaka mingi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mpaka 2009 kilipounganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Wakati huo neno lilibeba maana pana. Tangu hapo matumizi yamegawana kazi: "uchunguzi" umeelemea hospitali, ajali na rushwa, na "utafiti" umechukua chuo. Kufuata mgawanyo huo kunamwondolea msomaji utata.

Sasa wewe wa riwaya. Sura yako ya uhakiki ni utafiti bila shaka yoyote. Riwaya yenyewe ni utunzi. Ukitumia miezi maktabani au uwandani, au nyanjani kama wasemavyo wengi Kenya, ukikusanya habari za wavuvi ili uwaandike kwa usahihi, hapo umefanya utafiti kwa ajili ya utunzi. Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alitunga riwaya na mashairi, na pia aliandika tasnifu ya udaktari katika fasihi. Mtu mmoja aliyatenda yote mawili, na Kiswahili kina neno kwa kila moja.

Lakini jihadhari na hili, kwa sababu nimeliona likiharibu pendekezo zuri: usiandike kamwe "utafiti wa kubuni". "-a kubuni" maana yake ni kilichotungwa kichwani. Hadithi ya kubuni ni sifa. Data za kubuni ni udanganyifu unaoweza kumnyang'anya mtu shahada. Ukikusudia njia inayotumia ubunifu, sema "utafiti wa kibunifu". Ukikusudia matini yenyewe, sema "kazi bunilizi". Silabi chache tu zinatenganisha sifa na shutuma.

Angalia pia kihusishi "-a". "Utafiti wa magonjwa" hauna utata, maana magonjwa hayatafiti. "Utafiti wa wauguzi" una maana mbili: wauguzi ndio waliotafiti, au ndio waliotafitiwa. Andika "utafiti uliofanywa na wauguzi" au "utafiti kuhusu wauguzi". "Juu ya" nayo si kosa, ni ya zamani na ni yetu, ingawa "kuhusu" haimfanyi mtu afikirie mahali.

Wingi: vyote viwili vipo. Ukizungumzia shughuli kwa jumla, baki na "utafiti": utafiti unahitaji fedha. Ukihesabu kazi moja moja, "tafiti" ni halali, kama uchaguzi na chaguzi: tafiti 3 zilizofanywa Morogoro. Upatanisho ni utafiti huu umeonyesha, tafiti hizi zimeonyesha. "Utafiti hii" na "tafiti haya" havina ngeli ya kuvibeba. Na kabla hujaandika "tafiti zinaonyesha", hesabu ulizozisoma. Ikiwa ni mmoja, andika "utafiti mmoja", taja ni wa nani na wa mwaka gani, kisha endelea.