Maswali na Majibu: Mlo wa Mama Mjamzito na Ini la Mwanawe

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, anachokula au kunywa mama wakati wa ujauzito kinaweza kulifikia ini la mtoto aliye tumboni? Nimechagua zile zinazowagusa wengi na kuzifupisha.

Swali: Mimba yangu ina miezi 4. Mama mkwe ananiambia nisihangaike, kwa kuwa sumu yoyote nitakayokula itaishia kwenye ini langu na haitamfikia mtoto. Ni kweli? (Mjamzito, Morogoro)

Jibu: Mama mkwe wako yuko sahihi kwa sehemu, kwa maana ini lako huchuja mengi kabla hayajafika kwa mtoto, lakini halichuji yote, na kondo la nyuma nalo halizuii kila kitu. Damu yenye chakula na hewa hutoka kwenye kondo kupitia mshipa wa kitovu na kuelekea kwenye ini la mtoto, ambako sehemu yake hupita ndani ya ini lenyewe na sehemu nyingine hukatiza kwenda moyoni. Kwa hiyo ini ni miongoni mwa viungo vinavyotangulia kupokea kila unachomtumia mtoto, kiwe chema au kibaya. Tena katika miezi hii linabeba kazi ya kutengeneza chembechembe za damu, ambayo baadaye hukabidhiwa uboho wa mifupa, huku uwezo wake wa kuvunja sumu ukiwa bado haujakomaa.

Swali: Mahindi tuliyobakiza ghalani yamepata ukungu kidogo. Tunayasaga na kupika ugali ukaiva vizuri. Mke wangu ni mjamzito. Je, moto hauiui hiyo sumukuvu? (Mkulima, Kiteto)

Jibu: Hapana, na ningependa kila familia ya wakulima ilisikie hili. Moto huua kuvu, lakini sumu ambayo kuvu imeshaiacha kwenye punje haiondolewi na joto la ugali, uji wala makande. Kuvu hizo hupenda mahindi na karanga zilizopigwa na ukame shambani, kisha zikavunwa na kuhifadhiwa kabla ya kukauka. Ini ndilo huathirika zaidi, kwa sababu linapojaribu kuiondoa sumu hiyo huigeuza kwanza kuwa kitu kikali kinachonata kwenye vinasaba vya seli zake.

Ninyi wa huko mnayajua machungu yake: mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 walifariki 125 kati ya wagonjwa 317 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya. Hayo yalikuwa matukio ya sumu nyingi kwa muda mfupi. Kinachonisumbua zaidi ni ile inayoliwa kidogo kidogo kila siku bila kumlaza mtu kitandani, kwa sababu imekutwa hata katika damu ya kitovu cha watoto wachanga, na huko Gambia watafiti waliona kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na sumu hiyo kwa wingi katika damu wakati wa ujauzito walikua polepole zaidi katika mwaka wao wa kwanza. Anayeendelea kuila kwa miaka mingi hujiongezea hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi mno kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B.

Sasa la kufanya. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika au kutobolewa na wadudu zichambuliwe kwa mkono na kutupwa. Kuchambua peke yake hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ingawa punje inayoonekana safi si lazima iwe salama. Mahindi yakiwa na mashaka, mjamzito ale sembe badala ya dona, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Nasema hivi nikijua kwamba dona ya mahindi safi ndiyo yenye lishe zaidi. Pumba zake msimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu itawarudia kwenye kikombe. Karanga mbovu nazo zisisagwe kwenye unga wa lishe, kwa kuwa huo ndio uji tunaompikia mjamzito tukidhani tunamjenga.

Kwa mavuno yajayo, anikeni juu ya turubai badala ya ardhi tupu, na kabla ya kujaza magunia pimeni ukavu kwa chumvi. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tieni mahindi kiasi na vijiko vichache vya chumvi kavu, tikiseni kwa dakika mbili tatu, kisha iacheni chupa itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji na yarudishwe juani. Ikishuka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa.

Swali: Nimepimwa kliniki nikakutwa na homa ya ini aina ya B. Nifanye nini mtoto asipate? Na je, nitaruhusiwa kunyonyesha? (Mjamzito, Mwanza)

Jibu: Utanyonyesha, hilo lisikukoseshe usingizi. La muhimu ni saa za mwanzo. Mtu mzima akiambukizwa virusi hivi, mara nyingi mwili hushinda, na wasiozidi 5 kati ya 100 ndio hubaki navyo. Lakini watoto wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 90 kati ya 100 hubaki navyo maishani, na baadhi yao ndio ambao ukubwani ini hujaa makovu au kupata saratani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto apewe chanjo ya homa hii ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, na mama mwenye virusi vingi apewe dawa ya tenofoviri kuanzia miezi 3 ya kati ya ujauzito. Chanjo ya pamoja anayopewa mtoto kliniki huanza akiwa na wiki 6, na kwa mtoto wako huko ni kuchelewa mno. Muulize mkunga sasa hivi, wala usisubiri uchungu uanze, ni hospitali gani yenye dozi ya siku ya kwanza, kisha panga kujifungulia huko. Omba pia upimwe wingi wa virusi, na mumeo na watoto wako wakubwa wapimwe.

Swali: Mke wangu ni mnene, na ameambiwa ana kisukari cha mimba. Anapenda sana chipsi na soda. Je, mtoto anaweza kuzaliwa na mafuta kwenye ini? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Anaweza. Kabla ya miezi 3 ya mwisho, mtoto hana akiba kubwa ya mafuta chini ya ngozi, kwa hiyo ziada inayomfikia hupata hifadhi kwenye ini. Huko Oregon, Marekani, watafiti waliwalisha kima wa Kijapani chakula chenye mafuta mengi wakati wa mimba, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 walieleza kwamba maini ya watoto walio tumboni yalikuwa na mafuta takriban mara 3 ya kawaida, hata pale ambapo mama mwenyewe hakunenepa. Mama hao waliporudishiwa mlo wa kawaida katika mimba iliyofuata, hali ya maini ya watoto wao ilikuwa afadhali. Kwa binadamu, vipimo vya picha vimeonyesha mafuta zaidi kwenye maini ya watoto wachanga waliozaliwa na mama wanene wenye kisukari cha mimba.

Hata hivyo, naomba usimnyime mkeo chakula. Njaa nayo huacha alama: watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya mwaka 1944 hadi 1945 walikutwa ukubwani na udhaifu katika kudhibiti sukari mwilini. Soda ziondoke nyumbani, kwa ajili ya wote na si kwa mjamzito peke yake. Chipsi ziwe za nadra. Maharage, mboga, samaki na ugali wa kiasi vichukue nafasi, na sukari yake ipimwe kama kliniki ilivyopanga.

Swali: Pombe ya kienyeji kidogo jioni ina madhara? (Mjamzito, Moshi)

Jibu: Ndiyo. Pombe huvuka kondo la nyuma, na ini la mtoto halina nguvu ya kuivunja, hivyo hukaa kwake muda mrefu kuliko kwako. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, iache yote.

Swali: Nimeshauriwa nile maini kila siku ili niongeze damu. (Mjamzito, Tanga)

Jibu: Usile kila siku. Maini yana madini ya chuma, lakini yana pia vitamini A kwa wingi sana, ambayo ikizidi, hasa katika miezi 3 ya kwanza, inaweza kuharibu maumbile ya mtoto. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, pamoja na maharage, dagaa na mboga za majani zilizokamuliwa limau, vitakutosha.

Swali: Mtoto wangu ana wiki 3 na macho bado ni ya manjano. Je, ni kitu nilichokula nikiwa na mimba? Jirani ananiambia nimwanike juani. (Mama, Kilifi)

Jibu: Usijilaumu kwa mlo wako. Manjano ya kawaida huanza siku ya pili au ya tatu, na kwa mtoto aliyetimiza miezi huisha ndani ya wiki 2 hivi. Yakizidi hapo lazima daktari amwone. Tazama choo chake. Kikiwa cheupe kama chokaa au cha kijivu, na mkojo ukiacha rangi kwenye nepi, huenda mirija ya nyongo imeziba, na ugonjwa huo hurekebishwa kwa upasuaji ambao hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60. Jua halizibui mirija hiyo. Mpeleke leo hospitali yenye daktari wa watoto, uende na nepi yenye choo hicho uonyeshe, na uombe apimwe damu ili ijulikane manjano hayo ni ya aina gani.