Kitabu cha kusetia valvu
Ndugu, kwa kuseti valvu za injini, yaani kurekebisha mwanya wake, fuata kitabu cha fundi, siyo kile kidogo ulichopewa na pikipiki. Kidogo kimeandikiwa mwenye chombo: oili, ulegevu wa cheni, upepo wa tairi. Cha fundi kinakupa mwanya wa valvu kwa sehemu za milimita, injini ikiwa baridi, na nguvu ya kukaza kila bolti. Nafungua injini kila siku hapa Tabora, nakuomba sana uangalie kipimo cha hiyo nguvu ya kukaza: vitabu vingine vinaandika Nm (nyutoni-mita), vingine kgf-m (kilo-mita), na kgf-m 1 ni karibu Nm 10. Nimeshaletewa hedi (kichwa cha injini) rezi za bolti zimeliwa zote kwa kuchanganya hapo. Ila filta ya hewa usisubiri kilomita za kitabu chochote, vumbi letu la kiangazi linaiziba mapema.